Kiingereza cha usaili: mahali Kiswahili chako kinapokusaidia na mahali kinapokuponza

Swali

"Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya maendeleo ya jamii na nimeshaitwa kwenye usaili wa mchujo wa nafasi za Serikali zaidi ya mara moja. Mambo ya kada yangu nayajua, ila nikikutana na kifungu kirefu cha Kiingereza muda unaniishia, na kwenye maswali ya sarufi ya kuchagua herufi naona majibu mawili yote yako sawa. Nimepakua madesa mengi kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp na nafanya maswali kila siku, lakini alama hazipandi. Wenzangu wananiambia niache kabisa kufikiri kwa Kiswahili. Nina kama miezi miwili. Nianzie wapi?" Msomaji, Singida.

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo la kuacha kufikiri kwa Kiswahili, maana ushauri huo unatolewa kila mahali na umewapotezea watu wengi muda. Usiache. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ukaingia kidato cha kwanza ukakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, na tangu hapo umekuwa ukisoma Kiingereza huku ukielewa kwa Kiswahili. Miezi miwili haiwezi kubadili jambo lililojengeka kwa miaka yote hiyo. Ila inatosha kabisa kujua ni wapi Kiswahili chako kinakupa jibu sahihi bila jasho, na ni wapi kinakusukuma kwenye jibu baya. Mtunga maswali mzoefu anazijua sehemu hizo zote mbili, na mitego yake anaiweka hapo hapo.

Jambo hili linastahili juhudi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 130,000. Katika msongamano wa namna hiyo, maswali mawili matatu ndiyo yanayoamua nani ataendelea kwenye mahojiano na nani atasubiri tangazo lingine. Na hata mtihani usipokuwa na sehemu iliyoandikwa "Kiingereza", maswali ya taaluma yakija kwa lugha hiyo, msomaji wa harakaharaka anakosa swali ambalo jibu lake analijua. Hilo linaniuma kuliko kumwona mtu amekosa asichokijua.

Tuanze na mahali Kiswahili chako ni msaada. Tazama swali hili la kawaida:

"The list of successful candidates ___ been posted on the notice board." Chagua: has au have.

Wengi wanachagua have kwa sababu neno candidates, lililo katika wingi, limekaa karibu na pengo. Sasa iseme sentensi hiyo kwa Kiswahili: "Orodha ya waombaji waliofaulu imebandikwa." Hakuna Mswahili anayesema "orodha ya waombaji waliofaulu wamebandikwa". Hiyo *i-* ya "imebandikwa" imewaruka waombaji wote na kwenda kuishika orodha. Kiima ni list, list ni moja, jibu ni has. Hukuhitaji kanuni ya kitabu. Ulihitaji kuisikiliza lugha yako mwenyewe.

Jaribu ndefu zaidi: "The quality of the services offered in these health centres ___ declined." Ubora wa huduma zinazotolewa katika vituo hivi vya afya umeshuka. Ni *u-*, ubora. Jibu ni has. Kati ya kiima na kitenzi wamekuwekea services na centres ili upotee, lakini upatanisho wetu wa kisarufi haupotei njiani.

Hata lile swali linalowatoa watu jasho, la the number of na a number of, Kiswahili kinalimaliza. "Idadi ya wagonjwa imeongezeka": the number of patients has increased. "Wagonjwa kadhaa wamelalamika": a number of patients have complained. "Kila mmoja wa maofisa ana kompyuta yake": each of the officers has. "Polisi wamemkamata": the police have arrested him, ingawa neno police halina s mwishoni. Kwa hiyo kila ukiona swali la umoja na wingi wa kitenzi, isome sentensi kwa Kiswahili kimoyomoyo na usikilize kiambishi cha mwanzo cha kitenzi. Yako machache ambayo njia hii haiyawezi, nayo uyashike kwa kichwa: news, mathematics na economics huchukua kitenzi cha umoja, na kwenye neither... nor au either... or, kitenzi hufuata jina lililo karibu nacho, kama katika "neither the chairman nor the members were present".

Sasa twende mahali Kiswahili kinapokuponza. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nikisoma kazi za wanafunzi wangu naona makosa yanajirudia yale yale, na karibu yote yana chanzo kinachoeleweka.

La kwanza ni *-me-*. Mtaani tunasema "nimemwona mkurugenzi jana" na hakuna anayeshangaa. Kiingereza hakikubali "I have seen the director yesterday". Kukiwa na neno linalotaja wakati uliokwisha, kama yesterday, last week, in 2019 au two days ago, have na has zinaondoka na kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita: I saw. Mtahini anapenda kulificha neno hilo mwishoni mwa sentensi ndefu, kwa hiyo jizoeze kutafuta neno la wakati kabla ya kuangalia majibu. Ndugu yake ni "tangu". Sisi tunasema "nafanya kazi hapa tangu 2019", kwa wakati uliopo, na ni sahihi. Kiingereza kinadai "I have been working here since 2019". Ukiona since inayotaja mahali muda ulipoanzia, au for yenye muda ambao bado unaendelea, jibu lenye am, is au are ni mtego.

La pili ni *-nge-*. Kiswahili kinaweka alama hiyo pande zote mbili: "ningejua, ningekuja". Mwanafunzi anaihamisha jinsi ilivyo na kuandika "If I would have known, I would have come". Katika Kiingereza sanifu kinachopimwa kwenye mitihani, would hukaa upande wa matokeo. Upande wenye if unachukua had: "If I had known, I would have come." Kwa jambo ambalo bado halijapita ni "If I knew, I would come". Kwa hiyo ukiona if na would zimebanana ndani ya kishazi kimoja, litilie shaka jibu hilo kabla ya mengine.

La tatu ni kile kiambishi cha mtendwa. "Kitabu ambacho nilikinunua" kina *-ki-* ndani ya kitenzi, na sikio letu linakipenda. Ndiyo maana tunaandika "the book which I bought it". Hiyo it ifute. Which imeshafanya kazi yake. Hivyo hivyo "the officer whom I met him": him itoke.

La nne ni "ingawa... lakini". Kiswahili cha kila siku kinayavumilia maneno hayo mawili katika sentensi moja, Kiingereza kinataka moja tu. "Although the budget was small, but the project succeeded" ina but ya ziada. Because na so nazo hazikai pamoja.

La tano linawaponza hata wenye shahada: majina yasiyohesabika. Sisi tuna "vifaa", "samani", "taarifa", "ushauri", "mizigo", na mengi kati ya hayo tunayahisi kama wingi. Kutoka hapo zinazaliwa equipments, furnitures, informations, advices na luggages, ambazo zote ni makosa. Information, equipment, furniture, advice, luggage, evidence, research na work kwa maana ya kazi hazichukui s, hazichukui a wala an, na kitenzi chake ni cha umoja. Usiandike "an advice". Andika "a piece of advice" au "some advice". Orodha hiyo ni fupi. Ikariri leo na umalizane nayo.

La sita ni vihusishi, na hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Sisi tuna *-ni* moja inayosema mezani, ofisini, sokoni na mjini, wakati wao wana on the table, in the office, at the market, in town. Tunasema "kujadili kuhusu", wao wanasema discuss bila about. Tunasema "kusisitiza juu ya", wao emphasise bila on. Ameolewa *na* mtu ni married *to*. Despite haina of. Comprise, katika Kiingereza cha mtihani, haina of pia. Njia pekee ni kuliandika kila neno pamoja na kihusishi chake kama neno moja: responsible for, accused of, aware of, capable of, comply with, depend on, entitled to. Andika matano kwa siku, na kila moja ulitungie sentensi inayohusu kazi yako, mfano "The ward executive officer is responsible for...". Sentensi ya kazi yako itakaa kichwani muda mrefu kuliko sentensi ya John na Mary.

Kuhusu a, an na the, usijitese na kanuni zote. Jiulize maswali mawili tu. Je, msomaji anajua ni kipi hasa kinachozungumziwa? Kama ndiyo, weka the. Kama hajui, je, kitu ni kimoja na kinahesabika? Kama ndiyo, weka a au an kwa kufuata sauti ya kwanza ya neno linalofuata, na herufi usiiangalie: an hour, a university. Njia hiyo itakuvusha kwenye maswali mengi utakayokutana nayo. Kauli ya kutendwa, usemi wa taarifa na maswali ya kumalizia kama "didn't she?" yapitie kwenye kitabu chochote cha sarufi cha ngazi ya kati chenye majibu nyuma, ni mambo ya fomyula na yanashikika haraka.

Sasa nije kwenye hilo la alama kutopanda. Unafanya maswali kila siku, unaangalia majibu, unaona umepata 12 kati ya 20, unafungua desa lingine. Hapo umejipima, hujajifunza. Nunua daftari dogo. Kila swali ulilokosa, na kila swali ulilopata kwa kubahatisha, liandike humo kwa mkono: sentensi yenyewe, jibu ulilochagua, kilichokufanya ulichague, na neno ndani ya sentensi ambalo lingekuonyesha jibu sahihi. Hicho kipengele cha tatu ndicho chenye thamani. Usiandike "sikuwa makini". Andika "nilifuata neno lililo karibu na pengo", "nilitafsiri -me-", "sikuliona since". Baada ya wiki mbili utashangaa sababu zako ni chache. Mtu anayekosa mambo mia ana sababu tano au sita zinazojirudia, na hizo ndizo anazopaswa kuzitibu. Kila Jumapili rudia maswali ya wiki iliyopita ukiwa umefunika majibu.

Hilo la kuona majibu mawili yote yako sawa, mara nyingi maana yake ni kwamba unasoma majibu ukitafuta lililo zuri. Geuza kazi. Tafuta kosa katika kila jibu, na uweze kulitaja. Jibu usiloweza kulitajia kosa ndilo linalobaki. Mwanzoni njia hii ni ya polepole sana, na itakukera. Vumilia.

Ufahamu una mbinu yake, na ningependa tuifanye pamoja. Soma kifungu hiki nilichokitunga:

"Until last year, most households in the ward drew their water from a seasonal stream. The new borehole has shortened the walk for many of them, but it has not ended the queues: the solar pump works only when there is enough sunlight, and few families own containers large enough to store water overnight. The village water committee has therefore asked the district council for a storage tank rather than a second pump."

Swali: "Why has the committee asked for a storage tank?"
A. The borehole is too far from most homes.
B. The pump has broken down.
C. People need water at times when the pump is not working.
D. The stream has dried up completely.

Kabla hujagusa A hadi D, zifunike kwa mkono. Jijibu mwenyewe kwa Kiswahili: wameomba tangi kwa nini? Kwa sababu pampu inategemea jua, na watu hawana vyombo vya kutunzia maji usiku. Sasa funua, utafute jibu linalofanana na hilo. C linakuja lenyewe. Anayesoma majibu kwanza anaingiziwa mawazo manne ambayo matatu kati yake ni ya uongo, kisha anarudi kwenye kifungu akiwa na mawazo hayo kichwani. Ndiyo maana muda unakuishia: unasoma kifungu mara nne, kila mara ukitafuta jambo tofauti.

Angalia jinsi majibu mabaya yalivyojengwa, maana utayaona tena na tena. A limechukua neno la kifungu, safari ya kwenda kisimani, na kuligeuza. Kifungu kimesema safari imefupika. B limepotosha works only when, inayosema pampu inafanya kazi kwa sharti fulani, ikawa imeharibika. D ni la hatari zaidi, kwa sababu linatoka kwenye ujuzi wako: wewe ni mtu wa Singida, unajua mito ya msimu inavyokauka kiangazi, na unaona ni kweli. Inaweza kuwa kweli, ila haijaandikwa. Wewe uliyesomea maendeleo ya jamii uko kwenye hatari hii kuliko mtu mwingine, kwa kuwa vifungu vingi vitagusa mambo unayoyafahamu. Kila jibu unalochagua liwe na mstari wake ndani ya kifungu, na uweze kuuwekea kidole.

Swali la pili kutoka hapo hapo: "Most families can store water overnight. True or false?" Jibu liko kwenye few. Kiswahili kina "chache" tu. Wao wana few, ambayo inabeba maana ya uchache unaokaribia kutokuwepo, na a few, ambayo ni kadhaa. Few families own: wenye vyombo ni wachache mno. False. Herufi moja, a, imebeba swali zima.

La tatu: "The word 'drew' as used in the passage is closest in meaning to: sketched, attracted, collected, pulled." Yote manne ni maana halali za draw katika kamusi, na kwa hiyo aliyekariri orodha za msamiati hapa hana faida. Pachika kila neno mahali pake na uisome sentensi nzima. Kaya zilikuwa zikiteka maji kutoka kijitoni: collected.

Kuna maneno madogo ambayo nakusihi uyawekee mstari kila unapoyaona, kwenye kifungu na kwenye swali: not, except, unless, only, rather than, however, therefore, until, most, all. Rather than hapo juu inakuambia hawakuomba pampu ya pili. Until last year inakuambia hali imebadilika. Na kwenye swali, EXCEPT imewaangusha watu waliojua majibu yote. Utasikia pia kwamba jibu lenye all, only au never huwa ni baya siku zote. Si kweli. Litilie shaka, kisha uangalie kama kifungu chenyewe kimesema hivyo. Kile cha kwetu kina only na ni halali.

Maswali ya "it can be inferred that" yanawatisha watu bila sababu. Hayakuulizi unadhani nini. Yanakuuliza ni jambo gani kifungu kinakulazimisha kulikubali hata kama hakikulitamka. Ukijibu "labda", hilo si jibu.

Cha kusoma sasa. Punguza madesa. Mengi hayana mtungaji, funguo za majibu zina makosa, na ukikariri jibu baya utalibeba hadi siku ya usaili. Na anayekuuzia "maswali yatakayotoka", muache na pesa zako zibaki mfukoni. Una hazina bora ya bure. Chukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, inayopatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Soma ibara moja kwa Kiingereza, funga, ieleze kwa Kiswahili chako mwenyewe kwa sauti, kisha fungua ya Kiswahili ulinganishe. Anza na Ibara ya 22, ya haki ya kufanya kazi. Kijifungu cha kwanza kinamtaja kila mtu. Cha pili, kinachohusu fursa sawa ya kushika nafasi chini ya mamlaka ya nchi, kinamtaja kila raia. Kwa Kiingereza ni person na citizen. Ukiisoma haraka hutaiona tofauti hiyo, na mtu angeweza kukutungia swali zuri hapo. Litunge wewe mwenyewe, pamoja na majibu matatu ya mtego. Ukianza kutunga mitego utaanza kuiona ya wenzako.

Baada ya Katiba nenda kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Kiingereza, ambayo kwa kada yako utaihitaji hata hivyo. Humo utazoea shall ya kulazimisha na may ya kuruhusu, na maneno kama subject to, notwithstanding na provided that, yanayowafanya watu waruke sentensi nzima. Kisha siku nyingine soma tahariri ya Daily News au The Citizen, na mara moja kwa wiki ukurasa mmoja wa taarifa ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu, uzoee Kiingereza cha takwimu: rose by, rose to, compared with, accounted for. Rose by 5 percent na rose to 5 percent ni mambo mawili tofauti kabisa. Soma kurasa nyingine kwenye skrini, kwa kuwa mitihani mingine siku hizi inafanyika kwenye kompyuta na jicho linahitaji kuzoea.

Ratiba usiifanye ngumu. Wiki tatu za kwanza weka saa pembeni kabisa: asubuhi maswali 20 ya sarufi na daftari lako, jioni kifungu kimoja kwa njia ya kufunika majibu, huku ukiuwekea kidole mstari wa kila jibu. Wiki tatu zinazofuata endelea hivyo hivyo, ila kifungu kimoja kati ya viwili ukipime kwa saa, na usipunguze umakini ili kuiridhisha saa. Kasi itakuja kwa sababu unasoma kifungu mara moja na nusu badala ya mara nne. Wiki mbili za mwisho fanya mtihani mzima mara mbili kwa wiki, ukiwa umekaa kwenye kiti, simu imezimwa, bila chai. Siku zilizobaki ni za daftari la makosa tu. Ukipata mwenzako wa kusoma naye, kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini jibu fulani ni baya. Kwa Kiswahili, ndiyo. Asiyeweza kulieleza kwa Kiswahili bado hajalielewa.

Siku yenyewe, soma maelekezo ya karatasi kabla ya swali la kwanza, hata kama umeshafanya mitihani kama hiyo. Anza na sarufi, maana kila swali linasimama peke yake na utajipatia alama za mapema. Ukifika kwenye ufahamu, soma maswali bila majibu yake, kisha kifungu, kisha funika majibu na ujijibu kama ulivyozoea. Swali linalokung'ang'ania, liwekee alama na uendelee mbele. Na kama maelekezo hayasemi kwamba jibu baya linapunguza alama, usiache swali hata moja tupu: ondoa majibu unayoweza kuyatajia kosa, chagua katika yaliyobaki, ugeuze ukurasa.